Kungfu kwa Mwanafunzi wa Chuo Uganda: Klabu ya Chuoni, Mwalimu wa Mtaani, Jimu ya Mjini au Mazoezi ya Likizo

Kila muhula wa Agosti unapoanza, wanafunzi wapya wanaozungumza Kiswahili hapa Kampala, wengi wao wakitoka Kenya, Tanzania, Kongo na wilaya za mipakani za Uganda yenyewe, huuliza swali lilelile: mtu ajifunzie wapi kungfu bila kuharibu masomo na bila kumaliza fedha za chakula? Wengi wao wameipenda sanaa hii tangu utotoni katika vibanda vya video, ambako VJ, yaani msimulizi wa filamu, huzitafsiri na kuzisimulia kwa Kiluganda filamu za mapigano kutoka Hong Kong, na wengine wamewaona vijana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, wakiruka na kupiga mateke katika filamu zinazotengenezwa palepale mtaani kwao. Hamu wanayo. Wanachokosa ni njia ya kupima mahali pamoja dhidi ya pengine.

Mimi mwenyewe nilichagua vibaya katika mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nikiishi Kikoni, karibu na Makerere, nikajiandikisha kwa mwalimu mwenye sifa kubwa aliyefundisha upande wa pili wa mji, kwa sababu niliamini kwamba sifa ya mwalimu ndiyo jambo la pekee la kuangalia. Kufikia wiki ya nane nilikuwa nimekosa vipindi vingi kuliko nilivyohudhuria, na kila niliporudi nilikuta wenzangu wamesonga mbele huku mimi nikianza tena na kisimamo kilekile cha mpanda farasi. Mwalimu hakuwa na kosa. Barabara ya kumfikia ndiyo iliyonishinda. Neno gongfu katika Kichina lina maana ya ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na juhudi, na mtu anayehudhuria mara moja kwa wiki mbili hajaupa ustadi huo nafasi ya kuota mizizi.

Mwanafunzi wa hapa ana njia nne kuu mbele yake. Ya kwanza ni klabu ya chuoni, ambayo kwa kawaida huongozwa na wanafunzi wa miaka ya juu au na mwalimu anayekuja siku fulani. Ya pili ni mwalimu wa mtaani, anayefundisha katika uwanja wa shule ya msingi, ukumbi wa kanisa au ua wa nyumba. Ya tatu ni jimu ya kulipia katikati ya mji au katika vitongoji kama Ntinda na Kabalagala, ambako mapigano hufundishwa pamoja na mazoezi ya kujenga mwili. Ya nne ni kusubiri likizo ndefu, ukae karibu na mwalimu kwa wiki kadhaa mfululizo, kisha muhula ukianza ujiendeleze peke yako kwa kumbukumbu na video.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa mambo manne: umbali na ratiba, gharama kamili, mwalimu na mtindo anaoufundisha, na usalama wa mwili na wa mahali. Nimeanza na umbali kwa makusudi. Mtindo unaweza kubadilishwa baadaye, na hata mwalimu wa kiwango cha kati humfikisha mwanafunzi mahali pazuri akifuatwa kwa bidii, lakini kipindi kilichokosekana hakina namna ya kulipwa.

Umbali na ratiba

Chukua karatasi ufanye hesabu kabla ya kumtembelea mwalimu yeyote. Tuseme unasafiri saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, mara tatu kwa wiki, katika muhula wenye wiki 15 za masomo. Utatumia saa 90 ndani ya takisi (matatu au daladala). Ikiwa kila kipindi ni cha saa moja na nusu, mazoezi yenyewe yatakuwa saa 67 na nusu tu. Mtu anayejua Barabara ya Jinja au ya Entebbe kuanzia saa kumi na moja jioni atakubali kwamba saa moja ya safari ni makadirio ya upole, na kwamba mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba huangukia katikati ya mihula yote miwili.

Klabu ya chuoni haina mpinzani hapa. Unatoka darasani, unabadilisha nguo, unaanza. Udhaifu wake uko kwenye kalenda: klabu hulala wakati wa mitihani, hulala wakati wa likizo, na wakati mwingine hulala muhula mzima kwa sababu kiongozi wake amehitimu na hakuna aliyeandaliwa kumrithi. Mwalimu wa mtaani, akiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hosteli yako, yuko karibu vilevile, na faida yake ni kwamba yeye hafungi shule kwa sababu ya mitihani ya chuo. Lakini uwanja si wake. Shule ikiwa na sherehe au kanisa likiwa na mkesha, kipindi huahirishwa, na mara nyingi taarifa hutolewa saa chache tu kabla.

Jimu ya mjini hufungua asubuhi na mapema hadi usiku, jambo linalomsaidia mwanafunzi mwenye maabara za mchana, ingawa madarasa ya mapigano huwa na saa zake maalumu na si kila wakati jimu inapokuwa wazi. Njia ya likizo inaondoa tatizo la safari katika muhula na kulirudisha lote mara moja: utahitaji mahali pa kulala karibu na mwalimu, na ikiwa kozi yako ina mafunzo ya kazini mwezi Juni na Julai, nafasi yenyewe inakuwa finyu.

Waumini waangalie siku pia. Vipindi vingi vya mtaani huwekwa Jumamosi asubuhi, na Msabato hawezi kuvihudhuria. Kumbi za makanisa hazipatikani Jumapili. Na Mwislamu anayefunga Ramadhani anastahili kujua mapema kama mwalimu ataruhusu mazoezi mepesi au kipindi cha baada ya futari. Nimeona walimu wakikubali mabadiliko ya namna hii bila shida yoyote walipoulizwa mapema na kwa heshima.

Gharama

Ada ya mwezi ndiyo watu huuliza, na mara nyingi ni sehemu ndogo ya gharama yote. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 2,000 kwa kila safari. Kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki kwa wiki 15 ni shilingi 180,000. Ukilazimika kurudi kwa boda kwa shilingi 5,000 kwa sababu giza limeingia, jumla inafika 315,000, na bado hujalipa ada wala kununua glavu. Mwanafunzi anayelinganisha ada tu anaweza kudhani jimu ya mbali na klabu ya karibu zinatofautiana kidogo, kumbe tofauti ya kweli inalipwa kidogo kidogo kwa kondakta.

Klabu ya chuoni kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko zote, na vifaa vyake hutumiwa kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo huwa vimechakaa na havitoshi. Mwalimu wa mtaani huwa tayari kuzungumza kuhusu malipo. Wapo wanaopokea ada kwa awamu na wapo wanaomsamehe mwanafunzi sehemu ya ada kwa kusaidia kuwafundisha watoto. Muulize waziwazi kuhusu sare, ada za mitihani ya mkanda na safari za mashindano, kwa maana hayo ndiyo huibuka baadaye na kuleta manung'uniko. Jimu ina bei iliyobandikwa ukutani, mara nyingi ikiwa na nafuu kwa anayelipia miezi kadhaa pamoja; usilipie muhula mzima kabla ya kujua ratiba yako ya mitihani. Mazoezi ya likizo yanadai fedha nyingi kwa wakati mmoja, chakula na malazi yakiwamo, kisha karibu hayadai kitu muhula mzima.

Mwalimu na mtindo

Hapa ndipo watu hupotea zaidi, kwa sababu neno kungfu limebeba mambo mengi yasiyofanana. Wushu, jina la Kichina la sanaa za mapigano, katika mashindano ina matawi mawili makubwa. Taolu ni mfululizo wa mienendo iliyopangwa, unaohukumiwa kwa usahihi, wepesi na mizani ya mwili. Mfululizo wa changquan, ngumi ndefu ya kaskazini, haupaswi kupungua dakika 1 na sekunde 20, na anayeutazama akidhani ni mchezo wa kuigiza aujaribu kwa sekunde 20 tu. Sanda ni mapigano ya kweli yenye ngumi, mateke na kuangushana, bila viwiko wala magoti, kwa raundi za dakika mbili juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8. Nje ya mashindano kuna mitindo ya jadi: ile inayojinasibisha na hekalu la Shaolin katika mkoa wa Henan, Wing Chun ya kusini iliyoenezwa Hong Kong na Ip Man, na taijiquan (taiji), sanaa ya mienendo ya taratibu, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Kila mtindo unadai mazingira yake. Sanda bila mwenzi wa kupigana naye na bila kinga ya meno haifundishiki. Wing Chun ina mifululizo mitatu ya mikono mitupu ambayo mtu anaweza kuirudia peke yake chumbani, lakini moyo wake uko katika mazoezi ya kugusana mikono na mwenzi, na video haina mikono ya kugusa. Taolu inataka nafasi pana na jicho la mwalimu, kwa sababu goti linalopinda vibaya kwenye kisimamo cha chini halijisikii vibaya mpaka miezi imepita. Taijiquan ya mienendo 24, iliyotungwa mwaka 1956 ili iwafae watu wengi, ndiyo inayovumilia zaidi mazoezi ya pekee.

Katika klabu ya chuoni utakuta mara nyingi kwamba kinachofundishwa ni karate au taekwondo, na kungfu haipo kabisa. Usiondoke kwa hasira. Miguu iliyonyooshwa kwa taekwondo na nidhamu ya kata za karate, yaani mifululizo yake iliyopangwa, hazipotei utakapohamia taolu, na bondia aliyezoea kupokea ngumi huanza sanda akiwa mbele ya wengine. Penye kungfu, anayefundisha anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako wa mwaka wa tatu, mwenye bidii na mwenye kusikiliza, ila asiye na miaka ya kutosha kuona makosa madogo. Mwanafunzi wa Makerere aulizie pia kwenye Taasisi ya Confucius, ya lugha na utamaduni wa Kichina, iliyoanzishwa chuoni hapo mwaka 2014, kwa kuwa taasisi za aina hiyo mara nyingi hufundisha lugha sambamba na mambo ya utamaduni, taiji ikiwamo.

Mwalimu wa mtaani ndiye anayetofautiana zaidi na mwenzake. Kati yao wapo waliofanya mazoezi kwa miaka 20 na zaidi, wanaomjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa ugonjwa wa goti lake, na wanaofundisha kwa mapenzi kuliko kwa faida. Nimejifunza mengi zaidi chini ya mwembe kwa mtu wa namna hiyo kuliko nilivyojifunza kwenye sakafu nzuri. Kati yao wapo pia wanaofundisha walichokiona kwenye filamu. Namna ya kuwatofautisha ni kuhudhuria vipindi viwili ukiwa mtazamaji, ukae pembeni na kuangalia mambo machache. Je, anawasahihisha wanafunzi mmoja mmoja, au anahesabu tu kwa sauti? Je, mwanafunzi wa muda mrefu anafanya vizuri kuliko mgeni kwa namna inayoonekana? Je, anaweza kutaja aliyemfundisha, na huyo alifundishwa na nani? Anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi sita, anayeuza siri za kumwangusha mtu bila kumgusa, na anayewapiga wanafunzi kama adhabu, wote watatu waache, hata wakiwa mlango wa pili kutoka kwako.

Jimu kwa kawaida itakupa mkufunzi wa kikiboksi au ndondi mwenye uzoefu wa ulingoni, na mara chache mkufunzi wa sanda. Utapata nguvu, pumzi na ujasiri. Mifululizo, silaha za jadi na mafundisho ya adabu ya mwalimu na mwanafunzi huenda usiyapate, na kama hayo ndiyo yaliyokuvuta tangu mwanzo, utajisikia umekosea njia ijapokuwa mwili umeimarika. Njia ya likizo inakuruhusu kumchagua mwalimu bora kuliko wote, popote alipo nchini, kwa sababu hulazimiki kumfikia kila Jumanne. Kasoro yake ni miezi ya katikati, ambapo kosa dogo linarudiwa mara elfu bila mtu wa kulikemea. Wanaofaulu kwa njia hii hujirekodi kwa simu na kumtumia mwalimu angalau mara moja kila wiki mbili.

Kuhusu uandikishaji: Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, imeweka mashirikisho ya michezo chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Michezo lenye ofisi zake Lugogo. Anayetaka kushindana amuulize mwalimu kama klabu yake inatambuliwa na shirikisho la mchezo husika, kwa sababu bila hiyo unaweza kufanya mazoezi miaka mitatu na usiwe na mlango wa kuingilia mashindano. Wushu ilikuwamo katika Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia iliyofanyika Chengdu mwaka 2023, kwa hiyo ndoto hiyo kwa mwanafunzi wa chuo ina mahali pa kuelekea.

Usalama

Niliteguka kifundo cha mguu kwenye sakafu ya zege iliyokuwa na mchanga, na nikakosa wiki tano. Tangu hapo huangalia chini kabla ya kumwangalia mwalimu. Jimu nzuri ina mikeka na vifaa vya kinga, na kwa kuangushana hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoifikia. Uwanja wa nyasi wa mtaani au wa chuo unatosha kwa ngumi, mateke na mifululizo, ila hautoshi kwa kuruka na kuangushana mpaka ukaguliwe mashimo na vipande vya chupa. Klabu ya chuoni ina zahanati karibu, na hilo si jambo dogo. Anayejifunza peke yake asijaribu miruko wala kukunja mgongo kwa nguvu hata kidogo.

Usalama wa njiani nao upimwe. Hapa jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na kipindi kinachoishia saa mbili usiku kinamaanisha kurudi gizani. Wasichana watembelee mahali hapo wakiwa na mwenzao, waangalie kama kuna wanawake wengine katika darasa, kama kuna mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, na jinsi mwalimu anavyowashika wanafunzi anapowasahihisha. Mwalimu mwenye adabu huomba ruhusa kwanza, au humtuma mwanafunzi mkubwa wa kike. Asiyefanya hivyo, umahiri wake haufidii.

Nani anafaa wapi

Aliye mwaka wa kwanza, anayeishi hosteli ya karibu na chuo na hajawahi kufanya mazoezi yoyote, atafaidika kuanza na klabu ya chuoni hata kama inafundisha karate au taekwondo, kwa muhula mmoja au miwili, huku akitembelea walimu wa mtaani siku za mapumziko.

Anayetaka kungfu ya jadi yenyewe, mifululizo yake, fimbo zake na uhusiano wa miaka kati ya mwanafunzi na mwalimu, amtafute mwalimu wa mtaani aliye ndani ya nusu saa ya kutembea. Wanaosoma Kansanga, Banda au Nakawa waulize kwanza kwenye shule za msingi za jirani na kwa vijana wa boda walio stejini, ambao hujua nani anafanya mazoezi wapi jioni. Ikiwa mwalimu mzuri yuko mbali kidogo, fikiria kuhamisha hosteli muhula ujao badala ya kujilazimisha kusafiri. Kwa mtu aliyedhamiria, kodi ya chumba ni ileile na saa zinarudi.

Mwenye lengo la kupigana, kupunguza uzito au kujilinda, na ambaye ana kipato kidogo cha kazi ya muda, jimu itamfaa, hasa akipata yenye darasa la asubuhi kabla ya foleni. Athibitishe kwamba darasa la mapigano liko ndani ya ada aliyolipa.

Anayesoma udaktari au uhandisi, ambaye maabara na wodi zimeshika jioni zake zote, pamoja na wale walio katika vyuo vya Mbarara, Gulu au Soroti ambao hawajapata mwalimu wa kungfu mjini kwao, waitazame njia ya likizo. Wachague mtindo unaovumilia upweke, kama taijiquan au mifululizo ya mikono mitupu, wajifunze mambo machache kwa usahihi, na wapange tarehe ya kurudi kwa mwalimu kabla hawajaondoka kwake.

Na aliyebakiza mihula miwili tu kabla ya kuhitimu asianze kwa kulipia sare wala mtihani wa mkanda. Amwambie mwalimu ukweli kuhusu muda alionao, aombe kufundishwa misingi ya visimamo, ngumi na teke la mbele, na aulize kama kuna mwalimu wa ukoo huohuo wa mtindo katika mji anaotarajia kupangiwa kazi.